Meru na Embu zinajenga ghorofa, maji taka yaende wapi?

Kabla ya msingi kuchimbwa kwenye ploti ya hamsini kwa mia pale Makutano mjini Meru, au Kangaru mjini Embu, fundi humwuliza mwenye ploti: shimo litakaa wapi? Jibu lake ndilo huamua gari litaingilia wapi, vyumba vya kupanga vitakuwa vingapi, na kama kutabaki hata nafasi ya kuanika nguo. Mfereji mkuu wa maji taka ukipita karibu, swali hilo halina uzito. Kwa ploti nyingi haupiti. Kwa hiyo kila mwenye nyumba hujijengea mtambo wake chini ya ardhi, tangi la septiki na shimo la kunyonya, kwa pesa zake, kwa fundi aliyemchagua mwenyewe, na mara nyingi bila mtu yeyote kurudi kuukagua baada ya saruji kukauka.

Ukijumlisha gharama za mitambo hiyo yote, utaona kwamba uwekezaji mkubwa wa usafi katika kaunti hizi mbili haumo katika bajeti ya serikali. Umo mifukoni mwa wenye ploti. Ndiyo maana mjadala unaozuka kila msimu wa bajeti, wa lini laini ya maji taka itafika mtaa fulani, hunisikitisha. Si kwamba laini si muhimu. Ni kwamba tunaijadili kana kwamba, hadi itakapofika, hakuna kinachoendelea.

Hesabu ya watu ya 2019 ilipata wakazi 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Kote nchini, hesabu hiyo hiyo ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya zinatumia vyoo vya shimo vyenye kifuniko, na zilizounganishwa na mfereji mkuu hazifiki asilimia 10. Meru na Embu ni kaunti za wakulima, zenye miji inayopanuka kwa kasi kuelekea mashambani, na hali yake haiwezi kuwa bora sana kuliko hiyo. Laini zilizopo zinahudumia hasa vitovu vya miji. Ukitoka kidogo tu, uko katika nchi ya mashimo.

Kisheria jukumu liko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi, na Jedwali la Nne linakabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Kampuni za MEWASS mjini Meru na EWASCO mjini Embu ndizo zinazouza maji na kusimamia mifereji, chini ya jicho la Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji. Lakini mitambo mikubwa, yaani mabwawa ya kusafishia na mabomba makuu, hujengwa na Shirika la Tana la Uendelezaji wa Miundombinu ya Maji, lenye makao Nyeri na linalowajibika kwa serikali ya kitaifa. Pesa nyingi za kazi hiyo ni za mikopo ya nje. Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa mfano, iliidhinisha mwaka 2016 mpango mkubwa wa maji na usafi wa miji ya Kenya. Kwa muda mrefu magavana wamekuwa wakidai mashirika ya namna hii yakabidhiwe kaunti. Mpaka hilo litokee, mwakilishi wadi anayewaahidi wapiga kura mfereji anaahidi kitu ambacho ufunguo wake haupo katika bunge la kaunti.

Kuna pia ardhi yenyewe. Miji hii imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mito inashuka sambamba, kila mmoja na bonde lake, na mgongo wa ardhi katikati. Maji taka hufuata mteremko. Bomba linaloshuka bonde moja haliwezi kuchukua maji ya upande wa pili wa mgongo bila pampu, na pampu ni umeme kila mwezi, vipuri na mlinzi. Hivyo mtambo mmoja hautoshi mji. Kila bonde linataka laini yake, na pengine mabwawa yake. Anayetazama ramani ya Meru kuanzia Kathita, au ya Embu kuanzia Rupingazi, ataelewa kwa nini laini inaweza kufika mtaa mmoja na kuuacha ule unaoonekana kwa macho ng'ambo ya bonde.

Wakati huohuo maji safi yameongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Japani ilifadhili upanuzi wa mfumo wa maji wa Embu na maeneo jirani, na Meru nayo imekuwa ikisambaza mabomba zaidi. Hilo ni jema. Lakini wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Familia iliyokuwa na choo cha shimo ikipata bomba, huweka choo cha kumwaga maji, bafu la ndani na sinki. Maji yalipewa njia ya kuingia, njia ya kutoka ikaachiwa mwenye nyumba.

Sasa tuitazame biashara iliyoziba pengo hilo. Ngazi ya kwanza ni mafundi wa ujenzi. Tangi zuri la septiki lina vyumba viwili au zaidi. Uchafu mzito hutuama chini na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati huenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo humalizia kazi ya kuyasafisha. Udongo mwekundu wa volkano wa Imenti na Manyatta una kina kirefu na hunyonya vizuri, na umewasamehe mafundi makosa mengi. Ukishuka Mbeere, mwamba uko karibu na msamaha huo haupo. Tatizo kubwa ni tangi lisilojengewa sakafu, ambalo kwa kweli ni shimo tu lenye jina la heshima. Mwenye ploti hulipenda kwa sababu halijai upesi. Halijai kwa sababu linavuja.

Ngazi ya pili ni wauzaji wa baiodaijesta, ambao siku hizi matangazo yao yamejaa kwenye barabara za miji yote miwili. Wanaahidi tangi dogo, lisilonuka na lisilohitaji kunyonywa maisha yote. Kwa ploti finyu, udogo wake ni faida ya kweli, na likijengwa na anayejua kazi hufanya kazi nzuri. Ahadi ya kutonyonywa maisha yote nawaomba wasomaji wasiinunue. Bakteria hupunguza tope, hawalimalizi. Mchanga, nywele, pedi na plastiki zinazotupwa chooni hazina bakteria wa kuzila.

Ngazi ya tatu, ninayoiona kuwa moyo wa jambo lote, ni lori la kunyonya, lile mtaani linaloitwa eksosta. Chukua hosteli ya wanafunzi jirani na Chuo Kikuu cha Embu, au Nchiru kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Vyuo hivi vimezalisha mitaa mizima ya vyumba vya kupanga. Tuseme wanafunzi 40 wanategemea tangi la lita 10,000. Mtu mmoja hukadiriwa kuacha lita 40 hivi za tope kwa mwaka. Katika miaka miwili karibu theluthi ya tangi imejaa tope, na hapo ndipo lori linapaswa kuitwa. Mwenye nyumba haliiti. Ataliita siku maji yatakapochomoza uani na wapangaji watakapotishia kuhama. Wakati huo tope limefuata maji hadi shimo la kunyonya na kuziba udongo, na lile la chini ya tangi limekuwa gumu. Lori hunyonya maji, tope hubaki, na baada ya miezi michache simu hupigwa tena. Mwenye nyumba husema lori ni ghali. Lililo ghali hasa ni kuchelewa kuliita.

Upande wa mwenye lori hesabu ni ngumu pia. Anahitaji leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kibali cha kaunti, dereva, wasaidizi, dizeli, na ada ya kumwaga kwenye mabwawa ya kampuni ya maji. Malori mengi hubeba lita 5,000 hadi 10,000 kwa safari, kwa hiyo hosteli moja inaweza kuwa safari mbili. Kinachoamua kama atapata faida ni umbali wa kwenda kumwaga. Akitoka Nkubu, Timau au Runyenjes na mahali pa kumwaga pakiwa mbali, dizeli humeza pato lake. Hapo ndipo majaribu huanza: bonde lenye giza, shamba la mtu aliyelipwa kidogo, mto. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayorudishwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD, yaani kipimo cha uchafu unaooza, kwa lita. Tope la septiki hupita kiwango hicho kwa mbali sana. Kumkamata dereva ni haki. Lakini kaunti inayomkamata bila kumpa mahali pa karibu pa kumwaga, kihalali na kwa ada nafuu, itamkamata tena mwezi ujao.

Chini ya wenye malori wako watu wasiotajwa kabisa, wanaoingia mashimoni kwa ndoo na kamba pale lori lisipoweza kupita. Gesi ya shimo huua kwa dakika chache, na mara nyingi humwua pia anayeruka kumwokoa wa kwanza. Kazi yao haina leseni, bima wala mahali pa kupeleka wanachokitoa. Naamini diwani yeyote anayezungumzia usafi angepaswa kuanza na hawa.

Upo upande wa biashara hii unaotia moyo. Chuo Kikuu cha Meru kina Taasisi ya Utafiti wa Usafi, ambako Dkt. Joy Riungu na wenzake wamekuwa wakichunguza namna ya kutibu kinyesi na kukitoa kikiwa na faida, ikiwa ni pamoja na kutumia mabuu ya nzi askari weusi, ambayo hula uchafu na kisha kuwa protini ya chakula cha mifugo. Nakuru, kampuni ya maji ya huko ilianzisha tawi linalogeuza tope kuwa makaa ya kupikia. Mapato ya bidhaa hizi peke yake kwa kawaida hayatoshi kulipia kunyonya na kusafirisha, na anayewaambia madiwani kwamba tope litajilipia anawapotosha. Lakini kwa kaunti zinazolima chai, kahawa na ndizi huku bei ya mbolea ikiwaumiza wakulima, kutupa rutuba mtoni ni hasara mara mbili.

Mto huo haukomi mpakani. Kathita hupita Meru mjini na kuteremka Tharaka, ambako watu huchota maji yake na mifugo huyanywa kabla haujaingia Tana. Rupingazi huungana na Thiba, mto unaomwagilia mpunga wa Mwea. Gharama ya lori kumwaga vibaya Meru huonekana kwenye zahanati za Tharaka Nithi, katika bajeti ya kaunti nyingine. Si ajabu basi kwamba haisikiki bungeni.

Wengine wamelitatua tatizo hili bila kusubiri mabomba. Kampala, mtambo wa Lubigi uliofunguliwa 2014 ulijengewa sehemu maalum ya kupokea tope la malori, na mamlaka ya jiji ikaunganisha wateja na wenye malori kwa simu. Dakar, kituo cha simu kiliwashindanisha wenye malori kwa kila kazi, na bei ikashuka. Katika miji yote miwili serikali haikununua malori yote. Ilijenga mahali pa kumwaga na kupanga soko.

Meru na Embu zinaweza kufanya hivyo kwa chombo zilicho nacho tayari, nacho ni bili ya maji. Tuseme safari moja ya lori ni shilingi 9,000, na tangi la nyumba ya familia hunyonywa kila miaka mitano. Hiyo ni shilingi 150 kwa mwezi. Aliyeunganishwa na mfereji tayari hulipia maji taka yake ndani ya bili. Mwenye septiki naye angelipia, na kampuni ya maji ingemtumia mwenye lori aliyesajiliwa kwa ratiba. Hosteli zingelipa zaidi kwa sababu hujaza zaidi. Wenye nyumba watapinga, na wana hoja: wamekwisha kujijengea mtambo, kwa nini walipishwe tena? Ada hiyo ina haki pale tu mahali pa kumwaga pakiwepo na lori likifika kweli. Ikianza kabla ya hayo, ni kodi nyingine tu, na wataikataa katika kikao cha kwanza cha maoni ya umma.

Ugumu mwingine ni ardhi ya kujengea vituo hivyo. Kila wadi inataka huduma na hakuna wadi inayotaka kituo. Ardhi ya umma ni chache, shamba limegawanywa kwa vizazi, na jirani ana haki ya kuogopa harufu, maana mabwawa mengi nchini yameachwa yakazidiwa. Kaunti italazimika kuwaonyesha wakazi mtambo mmoja unaotunzwa vizuri kabla ya kuomba nafasi ya mwingine, na hilo linamaanisha kuweka pesa za matunzo katika mabwawa yaliyopo sasa.

Bado kuna maelfu ya nyumba za Igembe, Buuri na Runyenjes zisizopata bili ya kampuni yoyote kubwa, kwa sababu maji yao hutoka kwenye miradi ya jamii. Miradi hiyo ina kamati, daftari za wanachama na makarani wanaokusanya ada kila mwezi. Kama kaunti itataka kufikia mashimo ya huko, makarani hao ndio wanaojua kila nyumba ilipo, na mazungumzo nao hayahitaji kujenga bomba hata moja wala hayangojei mkopo.