Mbolea ya Urea Si AdBlue, Hata Kama Jina Ni Moja

Chukua mfano huu. Lori limetoka Mwanza na mzigo, linapitia Musoma kwenda Sirari. Likifika Bunda, taa inawaka kwenye dashibodi na gari linapoteza nguvu. Injini ni nzima, dizeli ipo. Kilichoisha ni AdBlue. Jamaa pembeni anamwambia dereva: "Kaka, hiyo si urea tu? Nunua mbolea, koroga na maji, uondoke." Anasema kweli? Nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula pesa.

Tuanze na injini. Ndani ya injini ya dizeli joto ni kali kiasi kwamba nitrojeni na oksijeni za hewa zinaungana na kuwa oksidi za nitrojeni. Huzioni kama unavyouona moshi mweusi, lakini zinaumiza mapafu. Wa kwanza kuzivuta ni wanaokaa na kuuza vitu kando ya barabara, mfano pale njia panda ya kwenda Butiama.

Hapo ndipo AdBlue inapoingia. Haichanganywi na dizeli. Ina tanki lake. Inapulizwa kwenye bomba la moshi, joto linaivunja na kutoa amonia. Amonia ikikutana na zile oksidi juu ya kichocheo, vinageuka kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Basi. Safari ya Mwanza hadi Musoma, kama kilomita 220, lori lililobeba mzigo linaweza kutumia lita 80 hivi za dizeli. AdBlue ni kama lita 4 tu.

Sasa, kwa nini mbolea isifae? AdBlue ni urea safi asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Mbolea ya kukuzia mara nyingi huwa na vitu vilivyowekwa ili isigande. Maji ya bomba au ya ziwa yana kalisiamu na madini mengine. Hivyo vyote haviungui. Vinaziba pua ya kupulizia na kufunika kichocheo, na kichocheo kipya ni ghali kuliko madumu mengi ya AdBlue.

Wengine huchagua njia ya mkato: fundi anafunga kifaa cha kuidanganya kompyuta ya gari, mfumo unazimwa. Gari linatembea, ndiyo. Ila injini hizi zimetengenezwa ziunguze mafuta kwa joto la juu ili zibane matumizi, kwa kutegemea AdBlue kusafisha baadaye. Ukiizima, oksidi zote zinatoka kama zilivyo.

Jambo la mwisho ni jua. Ulaya wanahofia AdBlue kuganda, maana inaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Huku Mara adui ni joto. Kwenye nyuzi 25 inakaa kama miezi 18. Kwenye nyuzi 35 inashuka hadi miezi 6 hivi. Kwa hiyo dumu liwe kivulini, lisikae juani juu ya turubai. Ukinunua, tafuta maandishi ISO 22241 na uangalie tarehe. Na faneli ya dizeli usiitumie: mafuta kidogo tu yakiingia kwenye tanki la AdBlue yanatosha kuharibu mfumo.