Niachie Mkono, Nione Mwenyewe

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, mume wangu alikuja Doha kwa binti yetu akiwa bado anaona kivuli cha mlango. Ilipoingia baridi, hata kivuli kilikuwa kimeondoka. Ni sukari. Ilimnyemelea miaka mingi, na yeye, seremala wa Lamu, mtu wa kazi, akawa anasema macho yamechoka tu. Tulipofika kwa daktari, mishipa midogo ya nyuma ya jicho ilikuwa imeshaharibika.

Basi mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, nikajifanya nesi. Akitaka kikombe, namshika mkono naubandika kwenye kikombe. Akivaa kanzu, vifungo nafunga mimi. Nilidhani ndiyo mapenzi hayo. Siku moja mezani akautoa mkono wangu juu ya wake, akasema kwa sauti ya chini wajukuu wasisikie: "Mama watoto, hebu niachie mkono. Ukinishika, sioni kitu."

Nilinyamaza. Maneno hayo nilishawahi kuambiwa.

Miaka mingi nyuma, katika sekondari ya misheni nilikofundisha huko Pwani ya Kenya, tuliletewa kijana asiyeona. Nilimkatia maumbo ya kadibodi: pembetatu, mraba, pembesita. Kwa kutaka kumsaidia, nikamshika kidole nikawa nakizungusha ukingoni. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, ukinizungusha wewe, mimi napotea. Niache nizunguke mwenyewe." Akalifumbata lile umbo kwanza, kisha kidole kikatembea ukingo kwa ukingo, kikisimama kwenye kila kona. "Sita," akasema. Haikuchukua hata dakika.

Siku zile nilidhani ni kipaji chake. Kumbe ni sisi sote. Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa Marekani, James Gibson, alifanya jaribio kwa vile vikatio vya bati vya biskuti, kama tunavyotumia siku za Idi. Watu walificha mikono yao wasiione. Kikatio kilipobandikwa tu kwenye kiganja kilichotulia, walipatia umbo lake chini ya nusu ya mara zote. Waliporuhusiwa kukipapasa wenyewe, walipatia kama mara 95 kwa 100. Kikatio ni kilekile, mkono ni uleule. Kilichoongezeka ni kule kutembeza vidole.

Sababu yake ni hii. Ngozi iliyotulia peke yake inatoa habari chache tu za umbo. Lakini kidole kikitembea, ubongo unapata habari mbili kwa pamoja: ngozi inahisi nini, na vidole vimekunjwa kiasi gani, vimekwenda upande gani. Hapo ndipo umbo linapojengeka. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na David Julius. Yeye ndiye aliyegundua vijilango vya protini vinavyofunguka seli inapobonyezwa. Aina moja ya vijilango hivyo hufanya kazi zote mbili, ya kuhisi mguso na ya kujua viungo vyetu viko wapi bila kuvitazama.

Na mikono ina adabu zake. Watafiti wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky, walionyesha katika miaka ya 1980 kuwa kila swali lina mwendo wake. Ukitaka kujua kama kitu ni laini au kinakwaruza, unakisugua. Kama ni kigumu, unakibonyeza. Uzito, unakiinua. Umbo kwa jumla, unakifumbata, na umbo kamili, unafuata ukingo. Waliwapa watu waliofungwa macho vitu 100 vya nyumbani, wakavitambua karibu vyote, na vingi kwa chini ya sekunde 5. Mama zetu walijua zamani: nani aliyewasha taa kutafuta kijiwe ndani ya mchele?

Basi nikabadilika. Sasa simshiki mkono. Nagonga kikombe mezani mara moja, yeye anafuata sauti na kukitafuta. Akitaka kuongozwa njiani, yeye ndiye anayenishika mimi, juu ya kiwiko. Viti havihamishwi bila kumwambia.

Chakula tunampangia kwa saa, kana kwamba sahani ni uso wa saa. Hapo tulipata kioja. Mjukuu wangu, mtoto wa Doha huyu, alimwambia, "Babu, samaki yuko saa tatu," akimaanisha mkono wa kulia, penye namba 3. Babu yake, Mswahili wa saa zetu, saa tatu yake iko penye 9. Akapeleka vidole kushoto, moja kwa moja ndani ya achari ya pilipili! Tulicheka mpaka tukalia, na yeye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Ramadhani.

Mwezi uliopita tulimpeleka Souq Waqif. Kwenye duka moja kuna makasha ya mbao yenye misumari ya shaba, ya kufanana na ya kwetu. Mwenye duka alianza kumweleza binti yangu uzuri wa kasha moja. Mume wangu akaomba ruhusa, akalitandazia viganja vyote viwili. Akapita pembeni kwa kidole gumba, akafungua kifuniko, akakifunga, akarudi tena pale pale. "Kifuniko kimepinda," akasema. "Upande wa nyuma, kidogo tu. Mbao ilikatwa ikiwa mbichi." Mwenye duka akainama akatazama, akachukua muda, kisha akacheka na kumwita usta. Kasha hatukulinunua. Lakini njia nzima ya kurudi mzee wangu alikuwa akituhadithia milango aliyoichonga.

Jamaa zangu, nyumba nyingi za Ghuba zina mzee mwenye sukari. Nawaomba mawili. La kwanza, macho yapimwe kila mwaka, hata kama hayana shida, maana maradhi haya huharibu kimyakimya. Mwambieni daktari pia kuhusu ganzi, kwa kuwa sukari huua hisia, huanza nyayoni na baadaye hupanda mikononi. Kila jioni mimi huzikagua nyayo za mume wangu, na namshukuru Mungu vidole vyake vingali hai.

La pili, mzee akipoteza macho, msimnyang'anye na mikono. Atachelewa, atamwaga chai. Mwacheni. Leo asubuhi kanzu amefunga mwenyewe, kifungo kimoja kimeruka tundu. Nimekiona, nikanyamaza. Alipofika mlangoni vidole vyake vikakikuta, akakirekebisha.