Maumivu ya mgongo yasiyokoma: Ni kifua kikuu au ni brusela?

Anayeumwa mgongo mjini Juba huwa na mengi ya kulaumu: madumu ya maji, mizigo ya sokoni, barabara mbovu. Hununua dawa ya kutuliza maumivu na kuendelea na kazi. Lakini maumivu yakidumu kwa wiki kadhaa, yakazidi usiku na kuandamana na homa, jasho au kukonda, huenda bakteria wameingia kwenye pingili za uti wa mgongo.

Katika mazingira ya Sudan Kusini, bakteria wa aina mbili hutiliwa shaka kwanza. Wa kifua kikuu husafiri kwa damu, kwa kawaida kutoka mapafuni, na kula sehemu ya mbele ya pingili hadi ziporomoke na mgongo kutoa kibyongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliieleza hali hiyo mwaka 1779. Ugonjwa ukishika shingo, jipu nyuma ya koo linaweza kumzuia mgonjwa kumeza, hata kupumua.

Wa pili ni brusela, bakteria wa mifugo. Humfikia binadamu kwa maziwa mabichi, au anapomhudumia kwa mikono mitupu ng'ombe aliyetupa mimba. Huko Terekeka, kaskazini mwa Juba, Wamundari hulala kambini pamoja na ng'ombe wao, na watafiti wameukuta ugonjwa huo katika mifugo ya eneo hilo. Kuchemsha maziwa huua bakteria hao, ingawa si rahisi kumshawishi mtu aliyekulia kambini.

Ugumu ni kwamba dalili zinafanana, tiba hazifanani. Kifua kikuu cha mgongo hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa miezi 6 hadi 12. Brusela ya mgongo huhitaji doksisaiklini pamoja na dawa nyingine, kwa takriban miezi mitatu au zaidi. Rifampisini hutumika kwa yote mawili. Hivyo mgonjwa wa brusela aliyepewa dawa za kifua kikuu anaweza kupata nafuu kwa muda, na kosa likafichika.

Picha ya eksirei mwanzoni huweza isionyeshe kitu. Jibu la uhakika hutokana na usaha uliovutwa kwa sindano na kupimwa maabara, pamoja na kipimo cha damu kwa brusela.

Miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, au mkojo ukitoka bila kujizuia, neva zimeshabanwa. Mgonjwa huyo anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo.