Japani: Upanga wa bei nafuu dhidi ya mazombi

Kampuni ya Kijapani ya D3 Publisher ilijipatia jina kwa michezo ya video ya bei nafuu. Ile ya mfululizo wa Simple 2000 iliuzwa kwa takriban yeni 2,000. Humo ndimo ulimozaliwa Onechanbara mwaka 2004, kwa ajili ya PlayStation 2, kabla ya kuingia pia katika PSP, mashine ya kushikwa mkononi.

Mchezaji humwongoza Aya, binti mwenye upanga, akiwafyeka mazombi, ambao ni jamaa wa misukule tunaowasikia kwetu. Si mchezo wa watoto. Ufinyu wa bajeti nao haufichiki, kwani maadui hufanana kama mapacha.

Hata hivyo, lipo jambo lililofikiriwa vyema. Kila pigo huacha damu kwenye upanga. Ikizidi, upanga hunasa mwilini mwa adui. Sharti mchezaji asite aikung'ute, ilhali mazombi wanazidi kusogea. Damu inayomrukia Aya mwenyewe humtia wazimu: nguvu zake huongezeka huku uhai wake ukipungua. Katika kioo cha PSP cha inchi 4.3, kuamua lini usite na lini uendelee kufyeka ni kazi ya sekunde chache.