Sayansi ya jeni ishuke hadi sokoni

Mnamo Oktoba 2022, siku chache baada ya Baraza la Mawaziri la Kenya kuondoa marufuku ya vyakula vya GMO iliyowekwa Novemba 2012, nilikuwa katika soko la Awendo nikinunua viazi vitamu. Mama aliyekuwa akiniuzia alinitazama, kisha akauliza: "Japuonj, hiyo GMO inayotajwa redioni ni dawa au ni mbegu?"

Nilibabaika. Nina shahada ya uzamifu katika isimu, lakini sikuwa na hata sentensi moja ya Kiswahili ya kumjibu. Nililipa, nikaondoka na viazi vyangu na aibu yangu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani, na huko niligundua kwamba sehemu ya jibu nilikuwa nimeibeba kikapuni.

Udongoni huishi bakteria aitwaye agrobakteria. Mmea ukijeruhiwa, yeye hupenyeza ndani yake kipande cha DNA, na mmea ukaota uvimbe. Wanasayansi walipoing'amua hila hiyo katika miaka ya 1970, waliigeuza kuwa chombo cha kazi. Waliziondoa jeni za ugonjwa, wakaweka waliyoitaka, na bakteria akawa mchukuzi. Hiyo ni mojawapo ya njia kuu za kutengeneza mimea ya GMO.

Hata hivyo, mgeni hakai katika nyumba isiyo na mwenyeji. Katika kiini cha seli, DNA ya mmea huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mithili ya uzi wa cherehani kwenye kigurudumu chake. Mwaka 2000, Mysore, Nam na Gelvin wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza habari za mmea mdogo wa arabidopsisi ambao jeni yake moja ya histoni ilikuwa imeharibika. Mizizi yake ilikuwa migumu mno kugeuzwa na bakteria huyo. Waliporudisha jeni hiyo, mmea ulikubali tena. Na mimea ya kawaida ilipoongezewa jeni iyo hiyo, iligeuzwa kwa urahisi zaidi. Ni dhahiri, basi, kwamba mmea si debe tupu la kumiminiwa chochote. Nao una usemi wake katika jambo hili.

Mwaka 2015 yakaja makubwa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, walipima aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa. Zote zilikuwa na DNA ya agrobakteria, iliyoingia zamani za kale, kabla ya maabara yoyote kujengwa. Kwa hiyo kiazi tunachokila Awendo kwa chai ya asubuhi kilikwisha kumkaribisha mgeni huyo kabla yetu.

Nisieleweke vibaya. Usalama wa kiazi si hati ya usalama wa kila GMO. Kila mmea sharti upimwe peke yake, na wakulima wana haki ya kuuliza ni nani atakayeimiliki mbegu. Lakini atauliza vipi mtu aliyepewa herufi tatu za kigeni tu? Kwa miaka kumi ya marufuku tulibishana juu ya neno, wengine wakiliogopa na wengine wakilisifu, huku wachache mno wakilifafanua. Hili ni kosa letu sisi wasomi.

Nawasihi walimu wa Biolojia na wa Kiswahili waketi meza moja. Mwanafunzi anayeweza kukariri histoni kwa Kiingereza mtihanini, lakini akashindwa kumweleza nyanya yake shambani, hajafunzwa bado. Nanyi wanafunzi, jaribuni leo jioni: elezeni somo moja la sayansi nyumbani bila kuazima neno msilolielewa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ni haki ya mwenyeji kujua kwanza ni nani anayebisha hodi.

Nami nitarudi sokoni Awendo. Nikimkuta mama yule, nitachukua kiazi kimoja katika fungu lake, na nitaanzia hapo.