Safari ya kibonzo kutoka gazetini hadi filamu

PALE Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay, ambapo barabara ya kutoka Rongo hukutana na ile ya kuelekea Ndhiwa, gazeti moja hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya jua kutua. Aliyelinunua hutafuta siasa na michezo. Mtoto anayelipata mwisho hufungua kwanza ukurasa wa vibonzo.

Mtoto huyo huyo huenda akamwona paka Garfield au mbwa Snoopy kwenye televisheni, asijue kwamba nao walizaliwa gazetini, ndani ya visanduku vichache vya wino. Garfield alianza kuchapishwa Juni 19, 1978. Kibonzo cha Snoopy na rafiki yake Charlie Brown kilianza Oktoba 2, 1950, katika magazeti saba tu ya Marekani.

Sisi nasi tulikuwa na wetu. Juha Kalulu, kazi ya mchoraji Edward Gitau, aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Bogi Benda, aliyebuniwa na Mganda James Tumusiime katika miaka ya 1970, alipendwa na wasomaji wa Daily Nation. Mbona hawa hawakufika kwenye sinema?

Jibu jepesi ni pesa. Hata hivyo, tukiichunguza filamu ya The Peanuts Movie ya mwaka wa 2015, inayotokana na kibonzo cha akina Charlie Brown, tutaona kwamba pesa ni sehemu tu ya jibu.

Ugumu wa kwanza ni hadithi. Kibonzo cha gazetini hutoa kichekesho kimoja na kumaliza. Filamu ya familia huhitaji uzi mmoja wa kumshika mtazamaji kwa karibu saa moja na nusu. Waandishi walichagua uzi uliokuwamo tayari: mapenzi ya Charlie Brown kwa msichana mwenye nywele nyekundu, ambaye haya humzuia hata kumsalimu. Mchoraji Charles Schulz alikuwa amemficha msichana huyo wasomaji wake wasiuone uso wake. Filamu ilimtoa hadharani, na hapo ikaachana na kibonzo.

Ugumu wa pili ni umbo. Kwenye karatasi, kichwa cha Charlie Brown huchorwa kwa pande chache tu, na mistari haihitaji kukubaliana. Kompyuta nayo hutaka mwili kamili unaoweza kugeuzwa kila upande. Wasanii wa studio ya Blue Sky, wakiongozwa na Steve Martino, waliichunguza michoro ya Schulz kwa makini, kisha wakawalazimisha wahusika kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine bila kuzunguka polepole. Macho na nyusi zilibaki kama mistari ya kalamu.

Aidha, filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Badala ya kubadilisha mkao wa mhusika katika kila picha, mara nyingi waliushikilia mkao mmoja kwa picha mbili. Matokeo yake ni mwendo wenye mdundo wa michoro ya mkono. Sauti ya Snoopy ilichukuliwa kutoka kwa kanda za Bill Melendez, aliyekuwa ameaga dunia mwaka wa 2008. Watu wazima, kama ilivyo desturi ya filamu za kibonzo hicho, hawasemi maneno. Badala ya sauti zao husikika tromboni.

Ugumu wa tatu ndio unaotuhusu zaidi: kibonzo ni cha nani, na kimehifadhiwa wapi? Schulz alichora vibonzo 17,897 kwa mkono wake mwenyewe katika muda wa karibu miaka 50. Alifariki Februari 12, 2000, na kibonzo chake cha mwisho kikatoka siku iliyofuata. Wakati huo kilikuwa kikisomwa katika magazeti 2,600 hivi ya nchi 75. Kazi hiyo yote ilihifadhiwa, na watengenezaji wa filamu walikuwa na ghala la kuchota.

Hapo mwanzo Schulz hakuwa na mamlaka juu ya kazi yake. Hata jina Peanuts alibandikiwa na shirika lililosambaza vibonzo magazetini, na alilichukia hadi mwisho. Lakini familia yake iliendelea kudai nafasi. Mwaka wa 2010, haki za kibonzo hicho zilipouzwa kwa dola milioni 175, familia ilibaki na asilimia 20. Filamu ilipoandikwa, kalamu ilishikwa na mwanawe Craig na mjukuu wake Bryan, pamoja na Cornelius Uliano. Blue Sky ilifungwa mwaka wa 2021, lakini Snoopy hakufa nayo.

Ujuzi wa kuhuisha michoro upo nchini. Hadithi za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, zilitengenezwa Nairobi. Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza Enkai, mojawapo ya filamu fupi za mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka wa 2023. Shujaaz, jarida la vibonzo lililoanza mwaka wa 2010 na kusambazwa pamoja na gazeti, lilivuka mara moja hadi redioni.

Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi zenye sahihi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza au ya mwajiri, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vingine. Haki katika mchoro hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mchoraji. Asiyeandikiana mkataba huenda akawaachia wanawe sifa tupu.

Katika meza za uhariri ambako nimekesha miaka mingi, kibonzo kilikuwa cha kwanza kuondolewa tangazo lilipochelewa kuja. Mchoro wa asili uliachwa juu ya kabati, na gazeti la jana likaenda kufungia nyama sokoni. Nami nilishiriki kuuacha pale.

Kwa hivyo, ikiwa pale Rodi Kopany yuko kijana anayechora nyuma ya daftari la hesabu, ushauri wa kumpa si kwamba asubiri kompyuta ya bei ghali. Atie sahihi na tarehe kwenye kila mchoro, aweke nakala, na asome mkataba hadi mstari wa mwisho kabla ya kuukubali. Filamu inaweza kuchelewa hata miaka 60. Mhusika aliyehifadhiwa vyema ataweza kuingoja.