Gesi Imeisha? Kweli na Uongo Kuhusu AC Isiyopoza

Mwaka juzi, mwezi wa pili, fundi alikuja nyumbani kwangu Tabata, akasimama chini ya AC, akainua kiganja kwenye upepo kama anayepima joto la uji wa mtoto, akasema, "Bosi, gesi imeisha." Hakufungua kitu wala hakupima. Alipanda nje na mtungi wake, akajaza, nikalipa. Wiki sita baadaye alirudi na kiganja kilekile na jibu lilelile, ila bei ilikuwa imepanda kidogo.

Mara ya tatu alikuja kijana mwingine. Huyu aliomba ngazi kwanza, akafunua uso wa mashine, akachomoa chujio na kunionyesha. Vumbi lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi. Akaliosha kwa maji na sabuni ya vyombo, akalianika kivulini, kisha akaenda nje kupunguza gesi ambayo mwenzake alikuwa ameijaza juu ya nyingine. Usiku ule tulitafuta shuka.

Tangu hapo nakusanya maneno ya watu kuhusu AC: ya mafundi, ya majirani, ya shemeji yangu ambaye hakosi jibu la jambo lolote. Nimeyapanga hapa, na mengine, lazima nikiri, yamekuwa ya kweli.

"Gesi ya AC huisha kwa matumizi, lazima ijazwe kila mwaka"

Si kweli, na huu ndio uongo unaozaa mingine yote.

Tatizo ni hilo neno "gesi". Tukilisikia tunawaza mtungi wa jikoni, nao huisha kwa sababu gesi yake inaungua. Gesi ya AC haiungui. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba, inazunguka. Ikifika kwenye mashine ya ndani, presha yake hushushwa hadi ichemke kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, na katika kuchemka huko inafyonza joto la chumba. Kompresa huivuta, huikandamiza, huisukuma kwenye mashine ya nje, na huko inalitua joto lile na kurudi kuwa kimiminika. Halafu safari inaanza upya. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kwenda miaka kumi na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa hiyo ikipungua, imevuja. Mara nyingi ni kwenye nati zinazounganisha mabomba, au pale chumvi ya bahari ilipotafuna mashine ya nje. Angalia maungio: gesi hutembea pamoja na oili ya kompresa, hivyo tundu linalovuja huacha doa la mafuta lililoshika vumbi. Fundi anayejua kazi hupaka povu la sabuni atafute mapovu, huziba, huvuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, ndipo anajaza. Na hujaza kwa mzani. Kwenye kibandiko cha mashine ya nje kumeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. AC nyingi za chumba kimoja hazifikishi hata kilo moja. Anayejaza kwa kusikilizia ubaridi wa bomba anakisia tu, na akizidisha, AC hupoza vibaya kuliko mwanzo huku kompresa ikiteseka. Ndivyo ilivyokuwa yangu.

Soma pia jina la gesi kabla hajafungua mtungi. R22 ni ya mashine za zamani, na inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R410A hufanya kazi kwa presha kubwa zaidi, mara moja na nusu hivi ya R22. R32, inayokuja na mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto ingawa si kwa urahisi. Hazichanganywi, wala moja haiwekwi mahali pa nyingine. Hizi mbili za mwisho nazo zimo katika kundi ambalo mataifa yalikubaliana kulipunguza hatua kwa hatua, kwenye mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016, kwa kuwa zikitoka hewani huzidisha joto la dunia. Fundi anayejaza mashine inayovuja bila kuziba anakuuzia hewa ya Mungu, na anaichafua vilevile.

"Mkono unatosha kupima"

Si kweli. Kiganja kilichotoka juani kinadanganyika. Nunua kipimajoto kidogo, acha AC iende robo saa, pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, kisha ile inayotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mashine inafanya kazi yake, na kama bado unatokwa jasho, kosa litafute chumbani. Siku ya unyevunyevu mkali tofauti hiyo hupungua, na sababu yake inakuja chini.

"Ukiona barafu kwenye AC, ujue ina nguvu"

Si kweli, tena ni kinyume. Barafu ikishika mabomba ya ndani, huwa upepo haupiti vizuri au gesi ni pungufu. Chujio likiziba, au feni ya ndani ikivaa utando wa uchafu, hewa ya joto haiyafikii mabomba. Yanapoa kupita kiasi na unyevu unaganda juu yake. Barafu nayo huzidi kuziba njia ya hewa. Usiibandue kwa kisu, utatoboa bomba na hapo gesi itaisha kweli. Weka rimoti kwenye feni peke yake saa kadhaa iyeyuke, osha chujio, washa tena. Ikirudi kuganda huku chujio ni safi, ndipo uite fundi wa kutafuta pavujapo.

Kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya vumbi, chujio linataka kuoshwa kila baada ya wiki mbili. Haihitaji fundi. Mwanangu wa darasa la sita ndiye anayeosha letu, ngazi nashika mimi.

"Weka 16 ipoe haraka"

Uongo huu unapendwa sana, na naelewa kwa nini: mtu ametoka kwenye daladala, shati limegandana na mgongo, kidole kinaenda chenyewe. Lakini rimoti si kitasa cha jiko la gesi, ambacho ukizidi kukifungua moto unazidi. Namba ile ni ya kuiambia mashine isimame lini. Kwa AC ya kawaida isiyo ya inveta, kompresa ama inaenda ama imesimama, haina mwendo wa tatu. Ukiweka 24 au 16, upepo wa dakika kumi za kwanza ni uleule. Za inveta hubadili mwendo, ila chumba kikiwa cha moto huwa tayari zinakimbia karibu na uwezo wao wote.

Kinachobadilika ni kwamba kwenye 16 mashine haifiki kituo. Chumba cha Dar mchana wa Februari hakishuki nyuzi 16, basi kompresa haipumziki, uniti za LUKU zinakwenda, na wewe unasema AC mbovu kwa kuwa haijafika ulikoituma.

Kabla ya lolote, angalia alama kwenye kioo cha rimoti. Inatakiwa ile ya theluji. Jua ni joto, na pangaboi dogo ni feni tu. Shemeji yangu, huyo mjuzi wa yote, alikaa siku mbili akilalamika chini ya pangaboi dogo.

"Maji yakidondoka nje ni dalili njema"

Kweli kabisa. AC ilianza kama dawa ya unyevu. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alichora mtambo wa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Kilichokisumbua kiwanda kile ni karatasi: zilinyonya unyevu wa hewa, zikatanuka na kunywea, rangi za picha zikawa haziangukii mahali pake.

Pwani yetu inalijua tatizo hilo mwilini. Kaskazi inapolegea na jasho likakataa kukauka, sehemu kubwa ya nguvu ya AC hutumika kugeuza mvuke kuwa maji kabla ya kushusha nyuzi hata moja. Mashine ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Ndiyo sababu kipimajoto hukupa tofauti ndogo siku kama hizo, na ndiyo sababu dirisha lililo wazi kidogo, au nguo zilizoanikwa chumbani, huishinda AC nzima. Weka ndoo chini ya bomba la maji. Ikiwa msimu wa joto ndoo inabaki kavu, mashine haipozi, au maji yamepata njia nyingine.

Njia hiyo nyingine kwa kawaida ni ukuta wako. Maji yakidondoka ndani, watu husema tena "gesi". Mara nyingi ni bomba limeziba kwa utelezi na vumbi, na kulipuliza au kulivuta kutokea upande wa nje humaliza kazi. (Maji ya ndoo yanafaa kumwagilia maua. Usiyanywe hata yakiwa maangavu: yamepita juu ya vumbi la miezi.)

"Inapuliza bila baridi, basi kompresa imekufa"

Huenda, lakini iwe dhana ya mwisho. Toka nje usikilize. Umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingi hungoja dakika tatu hivi kabla ya kuwasha kompresa, ili presha itulie. Aliyebonyeza rimoti mara sita ndani ya dakika hizo amejichelewesha mwenyewe. Ukisikia inaunguruma, inakata "ta!", kisha baada ya muda inajaribu tena, shuku umeme mdogo. Jioni mtaa mzima ukiwasha kila kitu, volti 230 za kwenye karatasi hushuka, na kompresa inakosa nguvu ya kuanza. Waya mwembamba uliovutwa mbali kutoka kwenye swichi kubwa huleta ugonjwa huohuo. Fundi apime volti pale pale kwenye AC, wakati inajaribu kuwaka.

Umeme ukiwa mzima, kinachofuata ni kapasita, kopo dogo linaloipa kompresa na feni ya nje msukumo wa kuanzia. Joto huliua taratibu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa, na nimesikia habari za watu waliouziwa kompresa nzima kwa ajili yake. Lakini usilifungue mwenyewe: hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa, na linapiga.

"Mashine ya nje ifungiwe isiibiwe"

Nusu kweli. Wezi wapo, na kizimba cha nondo ni busara. Kosa ni kukifunika kwa bati na turubai, au kuisukumia mashine kwenye veranda nyembamba iliyojaa ndoo na majiko. Kazi yake ni kutupa joto. Joto likigonga ukuta na kurudi, inajivuta hewa yake yenyewe ya moto, na wewe ndani unapata upepo wa uvuguvugu. Acha upande wa mbele wazi. Kivuli kinaruhusiwa, almradi kisizibe hewa.

Kwa waliopo Masaki, Kigamboni, Nyali au popote penye upepo wa chumvi, vibati vyembamba vya alumini huoza mapema. Vioshwe kwa maji baridi ya mpira, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kubwa, na si kwa mashine ya kuoshea magari, ambayo huvilaza vyote.

"Nunua kubwa zaidi, tatizo litaisha"

Si lazima. BTU 12,000 kwa saa huitwa tani moja kwa sababu zamani baridi ilipimwa kwa barafu: ndiyo nguvu ya kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, pauni 2,000, kwa siku nzima. Ni baridi nyingi kwa chumba cha kawaida cha kulala. Ukiweka kubwa mno isiyo ya inveta, itashusha nyuzi haraka na kukata kabla haijatoa unyevu, nawe utalala kwenye baridi ya pangoni. Kama chumba kinatazama magharibi na juu ya dari kuna bati tupu, pazia zito na tundu la kutolea hewa ya moto juu ya dari huenda vikakusaidia kwa bei nafuu kuliko mashine mpya.

"Feni na AC pamoja ni kupoteza umeme"

Hili ndilo nililobishana nalo na shemeji hadi chai ikapoa. Si kweli. Feni ya darini hula wati 75 hivi, AC ya tani moja hula karibu 1,000 kompresa inapofanya kazi. Feni haishushi joto la chumba, ila upepo wake unaukausha mwili, na mtu aliyezoea 23 anaweza kukaa kwenye 26 asione tofauti. Shemeji alisema hayo ni maneno ya kwenye karatasi. Juzi nilipita kwake saa nne usiku. Feni ilikuwa inazunguka, AC iko 26, naye amejifunika hadi masikioni, akaniambia kuwa hilo alilijua siku zote.